Kusoma Lubumbashi kwa miguu

Watu wengi kwetu wanafikiri kwamba historia ni kitu cha kitabu, ao kitu cha mitihani ya Serikali. Mwanafunzi wa sekondari hapa Lubumbashi anaweza kukutajia miaka ya mukutano wa Berlin, 1884 na 1885, bila kukosa. Lakini kila asubui anapita pembeni ya gare, na ukimuuliza treni ya kwanza ilifika hapo mwaka gani, anakuangalia tu. Si kosa la mutoto. Sisi wakubwa ndiyo hatukumuonyesha.

Wengine wanasema: kutembelea mahali pa historia ni kazi ya watalii, inaomba gari, kiongozi na feza nyingi. Hapana. Wahenga walisema: mwenda bure si mukaa bure, huenda akaokota. Katika masomo haya tunataka kuonyesha gisi mutu yeyote, peke yake ao pamoja na watoto wake, anaweza kuzunguka muji wetu siku moja bila kiongozi na kurudi nyumbani na kitu ndani ya kichwa. Atabeba daftari, kalamu, maji ya kunywa, na viatu vizuri. Kwa sehemu za mbali atapanda taksi-bisi.

Lakini kutembea bila kiongozi si kutembea bila mupango. Nyumba za zamani zinadanganya. Jiwe na matofali vinaongea juu ya mutu aliyetoa amri na feza. Juu ya mutu aliyebeba matofali, vinanyamaza. Kwa hiyo, mahali popote tutakaposimama, tutajiuliza maulizo matatu. La kwanza: nani aliamuru pajengwe? La pili: nani alitumika kazi ile kwa mikono yake? La tatu: nani alikatazwa kuingia hapa, ao nani alifukuzwa? Jibu la ulizo la kwanza mara nyingi liko mbele ya macho, hata kwa jina la barabara. Majibu mawili yale mengine ni lazima kuyatafuta kwa watu.

Mbele ya reli kulikuwa mukuba

Wengi wangeanzia kwa gare, kwa sababu tunasema muji ulizaliwa 1910. Sisi tunashauri kuanzia kwa makumbusho ya taifa, karibu na teatre, ili tusidanganyike na tarehe ile. Mbele ya 1910 inchi hii haikuwa pori tupu. Walamba walikuwa wanaishi humu, na mukuba ulikuwa unachimbwa na kuyeyushwa tangu karne nyingi.

Mwaka 1957 wataalamu walichimba makaburi ya zamani kule Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walikuta wafu waliozikwa pamoja na vyungu, mapambo ya shaba, na misalaba midogo ya shaba ile. Misalaba hiyo ilikuwa mali ya watu: mutu alinunua nayo, aliilipa kwa mahari, alizikwa nayo. Wafundi wa mukuba walifanya kazi hasa wakati wa kiangazi, kisha mavuno. Walijenga tanuru kwa udongo, walitia mawe ya kijani na makaa ya miti, walivuvia kwa mivuo, na shaba ilitiririka kwenye mifereji waliyoitayarisha. Kazi hiyo ilikuwa na wakubwa wake, desturi zake na miiko yake. Askofu wa Élisabethville, Jean-Félix de Hemptinne, aliandika juu ya wafundi hawa mwaka 1926 na kuwaita walaji wa shaba.

Muchimbaji wa zamani alijua vizuri Kalukuluku. Wazungu walipafikia, wakapaita Étoile, na pakawa mugodi wa kwanza wa Union Minière. Vilevile Mwami M'siri wa Bayeke alisimamisha utawala wake kule Bunkeya juu ya biashara ya shaba na pembe za tembo, mpaka siku alipouawa na watu wa msafara wa Stairs, tarehe 20 ya mwezi wa 12, 1891. Mwaka uliofuata, Jules Cornet, fundi wa mawe, alipita na kuandika juu ya utajiri wa udongo wetu. Vitabu vingine vinasema alivumbua. Tuseme kweli: mutu hawezi kuvumbua shimo ambalo watu wengine wamekwisha kulichimba.

Kwenye gare

Kutoka makumbusho tushuke kwa gare. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 ya mwezi wa 10, 1906. Lakini bila reli, shaba haikuweza kutoka. Reli ilipanda kutoka kusini, kutoka Rhodesia, inchi ambayo leo ni Zambia, na mwezi wa 9, 1910, treni ikafika hapa. Ndiyo sababu siku za kwanza za muji huu feza za Waingereza zilitembea na lugha yao ilisikika mu magazini, ingawa bendera ilikuwa ya Ubelgiji. Muji ukapewa jina la Élisabeth, muke wa mufalme Albert wa kwanza. Tarehe 30 ya mwezi wa 6, 1911, tanuru ya kiwanda, kando ya muto Lubumbashi, ikatoa shaba yake ya kwanza. Jina la muto ule ndilo lilirudi kuwa jina la muji wote, mwaka 1966.

Sasa ulizo la pili: nani alitumika? Kazi ya kuchimba, ya reli na ya kiwanda iliomba watu maelfu, na watu wa karibu hawakutosha wala hawakupenda. Waajiri wakatafuta mbali: Rhodesia ya kaskazini, Angola, Kasai, Lomami, na kuanzia miaka ya 1920 hata Rwanda na Burundi. Miaka ya kwanza ilikuwa ya mateso. Watu walilala mu nyumba mbaya, walikula vibaya, magonjwa ya tumbo na ya mapafu yaliwamaliza, na mwaka 1918 mafua makali ikaongezeka juu yake. Wengi waliingia muji huu kwa treni na hawakurudi kwao tena.

Watu hawa wa makabila mengi, waliokutana mu kazi, ndiyo walihitaji lugha moja ya kusikilizana. Kiswahili chetu, ambacho wageni wanakicheka kidogo, kilikomaa humu mu kambi na mu sité, kati ya watu waliotumika pamoja. Mutu akisimama kwa gare na kusikiliza wachuuzi, anasikia pia historia hiyo.

Na ulizo la tatu? Tusiliruke kwa sababu linauma. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Maelfu walilala kwenye gare, zaidi kule Likasi na Kolwezi, wakingojea treni, na wengi walikufa hapo ao njiani. Watoto wa watu walioletwa na reli kwa ajili ya kazi walirudishwa na reli ileile kama wageni. Mutu anayetembelea gare pamoja na watoto awaambie jambo hili kwa sauti ya taratibu, bila kuchochea, lakini awaambie.

Katikati ya muji

Kutoka gare tupande katikati ya muji, mule Wazungu walimoishi. Hapa barabara zimenyooka kama mustari wa daftari. Ziko pana, zina miti pande mbili. Tusimame mbele ya kathedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, iliyojengwa 1920 na 1921 kwa matofali mekundu, wakati wa Askofu de Hemptinne yuleyule. Tuangalie matofali moja kwa moja. Kila tofali iliyochomwa miaka ile ilipita mikononi mwa mutu mweusi, tangu udongo mpaka ukuta.

Tusipite bila kuona sinagogi, iliyojengwa karibu 1930. Wayahudi wengi wa Élisabethville walitoka kisiwa cha Rhodes, na magazini mengi ya muji yalikuwa yao. Nyumba hii inatukumbusha kwamba hata Wazungu wa hapa hawakuwa watu wa namna moja. Kulikuwa Wabelgiji, Wagiriki, Waitaliano, Waingereza wa Afrika ya kusini, na kila kikundi kilijua nafasi yake.

Kisha tufike posta, kwa kiwanja kinachoitwa kwa jina la Moïse Tshombe. Tarehe 11 ya mwezi wa 7, 1960, siku kumi na moja tu kisha uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga. Mambo yale yalidumu mpaka mwezi wa 1, 1963. Teatre ya muji, ambayo tuliiona asubui karibu na makumbusho, ilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wazungu kusikiliza muziki na kuona michezo. Wakati wa kujitenga ikageuka nyumba ya wabunge wa Katanga. Kisha ikaitwa Bâtiment du 30 juin, na wabunge wa jimbo wakakutana humo. Jengo moja, kazi tatu. Ndani ya jamaa zetu, muzee mumoja atamusifu Tshombe na mwingine atamulaani. Tusiwanyamazishe. Tuandike yote mawili, na chini yake tuandike kila mumoja alikuwa wapi na alitumika kazi gani mu miaka ile. Hapo mara nyingi tutafahamu kwa nini hawasikilizani.

Mahali pasipokuwa na sanamu

Sasa tunafika kwa sehemu ambayo, kwetu sisi, ni kubwa kupita zote. Wageni hawaioni, na wenyeji tunaivuka kila siku bila kujua. Kati ya muji wa Wazungu na sité ya Weusi palikuwa eneo lililoachwa wazi kwa makusudi, meta mamia kwa mamia. Kwa Kifaransa waliliita zone neutre. Mu miaka ya 1920 sité ilisukumwa kusini, upande wa kule tunaita leo Kamalondo, na eneo hilo likawekwa katikati. Sababu iliyosemwa ilikuwa afya: mbu asiruke kutoka kwa mutu mweusi mpaka kwa Muzungu. Lakini mbu hakuzuia Wazungu kulala nyumba moja na boyi wao, wapishi wao na walezi wa watoto wao, waliokaa nyuma ya kiwanja. Eneo lile lilitenga watu zaidi kuliko magonjwa.

Kila asubui watu walivuka eneo hilo kwa miguu ao kwa kinga kwenda kazini, na jioni walirudi. Usiku, mutu mweusi hakuweza kutembea mu muji bila karatasi. Hospitali ya Weusi iliwekwa upande huu. Leo ni hospitali Sendwe, yenye jina la Jason Sendwe, mukubwa wa Balubakat aliyeuawa mwaka 1964.

Eneo hili lilijengwa kidogo kidogo, na leo ni vigumu kusema linaanzia wapi na linaishia wapi. Hapa ndipo kutembea kwa miguu kunapita kitabu. Tunaomba kila mutu atoke katikati ya muji mpaka Kamalondo bila kupanda gari, akihesabu hatua zake. Aangalie mahali ambapo barabara zinabadilika, ambapo viwanja vinakuwa vidogo, ambapo nyumba zinakaribiana, ambapo miti inaisha. Mabadiliko hayo ndiyo mupaka wa zamani. Sheria ilikufa, alama zake zimebaki mu udongo. Bei ya kiwanja mpaka leo inajua upande gani ni upande gani.

Kamalondo na kitabu cha boyi

Kamalondo, zamani komini Albert, ni mama wa sité zote: kisha yeye zikafuata Kenya, Katuba, Ruashi. Mwaka 1957, mwezi wa 12, watu wa hapa walikuwa kati ya Wakongomani wa kwanza kupiga kura, pamoja na wale wa Léopoldville na Jadotville, kwa kuchagua washauri wa komini zao.

Humu Kamalondo tutafute nyumba za zamani zenye barza, na wazee wanaokaa mbele yake. Tuwasalimie vizuri mbele ya kuuliza: shikamoo baba, shikamoo mama, tuko na heshima mbele yenu, tunaomba mutusaidie. Tusifungue daftari mbele ya kukaribishwa kiti.

Wasomaji wajue pia kwamba watu wa muji huu walikwisha kuandika historia yao wenyewe. Mwaka 1965, André Yav aliandika, kwa Kiswahili chetu hiki na kwa jina la wafanyakazi wa zamani wa nyumba za Wazungu, historia ya Élisabethville. Boyi aliyefua nguo na kupika alikuwa anasikia kila kitu, anaona kila kitu, na hakuna aliyemuuliza. Mwaka 1990 mwalimu Johannes Fabian alitoa maandiko yale mu kitabu, na leo yanasomwa mu universite za mbali. Vivyo hivyo, mu miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi yetu kwa michoro karibu mia moja. Boyi na muchoraji hawakuwa na diploma ya historia. Walikuwa na macho, masikio, na ushupavu wa kuandika mambo waliyoyajua.

Kambi, shimini na terili

Mwisho wa siku, tupande taksi-bisi mpaka upande wa kiwanda. Shimini na terili, ule mulima mweusi wa takataka ya shaba, vinaonekana kutoka mbali. Wachoraji wetu wanavichora kama alama ya muji. Karibu yake ziko kambi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliona kwamba kuleta watu wapya kila mara ni hasara. Ikaanza kuita wafanyakazi waje na wake zao, ikawapa nyumba, posho, masomo ya watoto na hospitali. Ndiyo wazee wakasema: kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama.

Lakini baba yule alikuwa na fimbo. Wakati wa vita, 1941, Washirika walihitaji shaba nyingi, kazi iliongezeka, bei za vitu zilipanda, na mushahara ulibaki nyuma. Mwezi wa 12 wafanyakazi weusi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mupira, mbele ya gavana Maron na askari. Askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, mumoja wa wasemaji wa wafanyakazi, aliuawa hapo, na pamoja naye makumi ya watu. Mutu anayetembea huku awaulize wazee wa kambi wamuonyeshe mahali penyewe, na wamuambie majina waliyoyasikia kwa baba zao.

Historia ya kambi iliendelea. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mupango ulioitwa wa hiari. Kwa jamaa nyingi, baba na mama walikufa siku moja. Na terili yenyewe inaliwa: tangu miaka ya 2000 takataka ile inayeyushwa upya kwa kutoa kobalti. Mulima tuliodhani ni wa milele unapunguka.

Siku ya pili, kwa wanaoweza

Iko safari nyingine, ambayo inaomba gari. Kwenye njia ya Likasi, karibu kilometa 50, ni Shilatembo. Tarehe 17 ya mwezi wa 1, 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano, wakafungwa na kupigwa mu villa Brouwez, na usiku ule wakapelekwa porini na kuuawa. Mwezi wa 6, 2022, Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba, ndilo tu lililobaki, na sanduku lake lilipitishwa Shilatembo mbele ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Huko hakuna haja ya kuongea sana. Wanafunzi wasimame kimya, kisha wajiulize maulizo yetu matatu.

Mashauri machache

Mbele ya kupiga picha kwenye gare, uwanja wa ndege na nyumba za Serikali, tuombe ruhusa. Tusiamini muzee mumoja tu. Tutafute wawili ao watatu, na wakitofautiana, tuandike maneno ya kila mumoja na tarehe tuliyomusikia. Tuwatafute pia wamama. Mara nyingi wanaume wanakumbuka kazi na wakubwa, lakini wamama wanakumbuka bei ya unga, kizazi, kifo na nani alilala wapi. Na kisha kurudi, tuchore njia yetu kwa mukono: hapa tulisimama, hapa tuliambiwa hivi.

Kazi hii haiwezi kungoja. Nyumba za zamani zinavunjwa kila mwaka kwa kujenga magazini, na muzee aliyeona sité ya miaka ya 1940 ni nadra kumupata. Tusipoandika sisi, zitabaki nyumba za waliotoa amri tu, na watoto wetu wataamini kwamba wale peke yao ndiyo walijenga muji huu.

Kwa hiyo tunaomba walimu wenzetu, wa hapa na wa Likasi, Kolwezi, Kipushi na Kalemie: kila masomo ichore njia yake moja, yenye vituo saba ao nane, na daftari moja ya maneno ya wazee iwekwe mu biblioteki ya masomo. Mwaka ujao wanafunzi wengine watembee njia ileile, waongeze na wasahihishe.